Ngoie wa Mashine ya Kuandika

Mpaka leo nikisikia jina langu likiitwa kwenye watu wengi nachelewa kuitika, na mkinicheka chekeni tu, maana aibu niliyoipata miaka ile Katanga ilipojitenga hainitoki.

Shuleni kwa mapadri tulikuwa akina Ngoie watatu katika darasa moja, wala hatuna undugu. Frère, mwalimu wetu mtawa, akiita "Ngoie!" tunasimama wote (na fimbo ikija tunakaa wote). Tulipomaliza, mmoja akawa munganga, yaani nesi, mwingine akapiga tarumbeta katika bendi ya jandarmeri, jeshi la Katanga, mimi nikawa karani wa kupiga mashine katika ofisi moja ya mjini.

Basi Jumapili moja tuko kwenye karamu ya parokia, mtaa wa Makomeno, nami nimekaa na Papa Kalenga, fundi wa treni, baba yake Albertine niliyetaka kumuoa, namsifia kazi yangu, mara dereva anaingia mbio.

"Monsieur Ngoie iko humu?"

Nikaona gari jeusi mlangoni, nikawaza mkubwa wa ofisi ameniita, tena mbele ya baba mkwe! Ningeuliza neno moja tu, Ngoie yupi, yangeishia pale. Lakini nikanyoosha tai nikasema, "Ndjo miye. Samahani papa, kazi inaniita."

"Nitakusindikiza," akasema Papa Kalenga, "siku hizi njia si nzuri." Akapanda.

Kwenye kizuizi cha jandarmu dereva akapiga kelele, "Acheni tupite! Ni munganga, anaenda kuzalisha mwanamuke kule Naviundu!"

Papa Kalenga akanitazama mimi, mimi nikatazama bunduki, nikanyoosha tai tena. Jandarmu mmoja akaingiza mkono dirishani, "Munganga, angalia kwanza kidole yangu." Nikakiangalia (kilikuwa kimevimba kweli), nikamwambia akiloweke kwenye maji ya chumvi, akanipigia saluti.

Naviundu, bibi mmoja mnene akanivua koti kabla sijasalimia, akanisukuma chumbani. Binti yake alikuwa analia kwa uchungu.

"Nawa mikono! Unangojea nini?"

"Mama, munisamehe, miye ni Ngoie wa mashine ya kuandika!"

"Basi andika mutoto atoke!"

Yule binti akapiga ukelele mmoja, nikaona kichwa cha mtoto, na baada ya hapo sikuona kitu. Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, mtoto analia, bibi amemzalisha mwenyewe huku akiniruka, na Papa Kalenga ananipepea na kofia yake. Ngoie munganga, aliyeambiwa parokiani kwamba anatafutwa, akafika na baiskeli, jasho linamtoka, na mgonjwa wa kwanza kumhudumia nilikuwa mimi, nundu kwenye paji la uso kama yai.

Njia nzima ya kurudi Papa Kalenga alitazama nje dirishani. Nikajua Albertine nimemkosa. Tulipofika akacheka mpaka akakaa chini.

"Muntu mwenye uso wa vile hawezi kuficha kitu," akasema. "Kuya kesho na wazee wako."

Nikaoa, namshukuru Mungu. Tangu hapo mtu akiniita namuuliza kwanza anamtaka Ngoie wa nini. Na yule mtoto wa Naviundu, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu, walimwita Ngoie, ila mimi na mwenzangu munganga bado tunagombana ni Ngoie yupi aliyepewa heshima ile.