Njahi na Samaki Mkavu

Kwa mama aliyenipangisha chumba pale Thika, chakula kuoza kulikuwa aibu ya ukoo mzima. Njahi zake, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, alizizika ndani ya chungu cha majivu, na fukusi aliyethubutu kuingia humo nadhani alitoka mzee wa mvi. Mimi nami nilikuwa na samaki wangu. Mama yangu aliwapasua, akawaanika juani kule ziwani, kisha akawatuma kwa mkono wa yeyote aliyepanda treni. Walifika wamekauka kiasi kwamba fundi hodari angeezekea nao nyumba.

Hii ilikuwa miaka ile Hali ya Hatari ilipoanza kulegea. Kila jioni, nikitoka kiwanda cha ngozi na kabla sijakimbilia shule ya usiku, tulibishana.

"Hiyo nyoka yako ya maji itoke kwa nyumba yangu," aliniambia. Kwao samaki hakuwa chakula, alikuwa jamaa wa nyoka aliyejifunza kuogelea.

"Mama, huyu atadumu kuliko njahi zako."

"Atadumu kwa sababu hakuna mtu anataka kumkula."

"Kwetu mwanamke akijifungua, supu ya huyu ndiyo humletea maziwa."

"Kwetu ni njahi. Na njahi hazinuki."

"Harufu ni ya kiwandani, mama. Ni ngozi."

"Ya ngozi nimezoea. Hii nyingine hata paka akiisikia anavuka barabara."

Basi nikawatundika nje, chini ya ukingo wa paa, wakakaa huko mvua na jua kama walinzi wasiodai mshahara.

Zile njahi zilikuwa zinamngoja mtu. Binti yake, aliyeolewa Ruiru kwenye mashamba ya kahawa, alikuwa na mimba ya kwanza, na mama hakuruhusu mtu mwingine aguse chungu kile, hata kwa macho. Siku habari ilipofika kwamba ni mvulana, alichota njahi humo, akazikung'uta majivu, akapika, akapanda basi na sufuria mapajani. Majirani wakaanza kumwita cucu, yaani nyanya, kabla hajafika stendi.

Alirudi baada ya wiki, na hakuwa na mzaha. Alikaa kwenye kigoda chake bila hata kuwatukana samaki wangu pale paani.

"Mtoto analia tu," alisema mwishowe. "Ananyonya, hakuna kitu. Njahi mama yake amekula, uji amekunywa. Mtoto amekuwa mdogo kuliko alivyozaliwa."

Nilimpa pole. Akaangalia upande wa mlima, ambao siku ile haukuonekana.

"Ile kitu yako," akasema, "bado haijaoza?"

"Haijui kuoza, mama."

"Leta mbili. Na usiseme na mtu. Msichana wangu akiona samaki sokoni anashika njia nyingine. Mimi ndiye nilimfunza."

Nilitaka kumweleza kwamba samaki mkavu hulowekwa kwanza, kisha huchemshwa kidogo tu. Alinifukuza jikoni kwa mwiko. Maisha yake yote alikuwa amepika njahi, na sheria ya njahi ni moja: kitu kilichokaa sana lazima kichemke sana. Akatia samaki wangu wawili pamoja na njahi alfajiri ya Jumapili, na watu walipotoka kanisani chungu kilikuwa bado kinatokota. Nilipochungulia nusura nilie. Hakukuwa na samaki tena. Hakukuwa na kichwa, hakukuwa na mkia. Miiba yenyewe ilikuwa imekubali kushindwa. Akachuja kila kitu kwa kitambaa safi, ikabaki supu nyeusi, nzito, tulivu, ambayo hata Mjaluo mwenzangu asingeitambua kama ndugu.

Akaifunga kwenye kopo lenye kifuniko, nikalifunga nyuma ya baisikeli ili harufu isimsaliti ndani ya basi. Yeye akapanda basi, mimi nikakanyaga hadi Ruiru, na nikiwa nimezipitia barabara zote za Kenya, nasema ile ina vilima elfu moja, vyote vya kupanda.

Binti alikuwa amekaa kitandani, macho yamemwingia ndani. Mtoto alilia sauti nyembamba, ya kuchoka. Mama akammiminia kikombe.

"Maitu, hii ni nini?" binti akamwuliza mama yake.

"Njahi. Kunywa."

Akanusa. Mimi nikaangalia ukuta kwa makini sana.

"Zinanukia vingine."

"Ni huyu kijana aliyezibeba. Anafanya kazi ya ngozi."

Akanywa. Akaomba kikombe kingine. Jioni akanywa kilichobaki. Nililala pale pale kwa mkwe wa mama, kwenye gunia la kahawa, na asubuhi kilichoniamsha ni kimya. Nikaogopa. Nikasimama mlangoni: mtoto alikuwa anameza, unamsikia kabisa akimeza, na maziwa yakimtoka pembeni mwa mdomo.

Majirani wakaja kuona. Mama akawaelezea habari za majivu, na chungu, na jinsi njahi za siku hizi za madukani zisivyo na nguvu. Mimi nilikuwa kijana wa baisikeli, nikapewa chai.

"Maitu," binti akasema, "kesho uniletee tena. Lakini uzipike vile vile."

Mama akanisindikiza hadi kwenye baisikeli, akashika usukani nisiondoke.

"Wamebaki?"

"Wapo, mama."

"Usikule hata moja."