Nilimpeleka Baba Apimwe Fimbo ya Gofu, Sasa Mama Hataki Nimpime

Mnifiche jina, maana kwetu Kosele watu wanajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mwalimu wa miaka hamsini na minne, na ndiye ninayemtunza mama yangu mzazi. Mambo haya yalianza miaka ya tisini, lakini wiki hii ndipo yamenilemea.

Baba alikuwa karani kwenye kiwanda cha sukari huko Migori. Kiwanda kilikuwa na uwanja wa gofu, na Baba aliupenda mchezo ule kuliko chakula. Shida ilikuwa fimbo yake ya kupigia mbali, ile ndefu wanayoiita draiva. Aliachiwa na meneja Mzungu aliyekuwa mrefu kama mti wa stima, na Baba alikuwa mfupi. Kila akipiga, mpira unakata kulia na kupotelea kwenye miwa. Wenzake walimtania kwamba anapanda mipira. Alicheka nao, ila akifika nyumbani anaisukuma ile fimbo chini ya kitanda, na mimi iliniuma sana.

Nilipoanza kazi nilitaka kumfurahisha. Wakati wa mashindano alikuja fundi wa fimbo za gofu kutoka Nairobi, nikamwomba amtengenezee Baba fimbo ya kimo chake. Baba akavua viatu, akasimama ukutani. Fundi akampima kutoka utosini hadi kisiginoni, kisha kutoka kifundo cha mkono hadi chini. Akamjaribisha fimbo fupi kidogo. Mpira ulinyooka, ukaenda mbali, na Baba akacheka kama mtoto.

Jioni alitusimulia. Mama akaacha kupakua ugali.

"Amekupima hadi kisigino?"

"Hadi kisigino."

Mama akanigeukia. "Nyathina, mwanangu, fundi wa nguo anapima bega na kiuno. Anayepima mtu mzima hadi kisigino ni fundi wa jeneza. Umempeleka baba yako apimwe na bado anapumua?"

Baba akasema ni mambo ya michezo tu. Mama hakula usiku ule.

Kabla fimbo haijafika, Baba alianguka kazini akafariki. Daktari alisema ni presha, na kweli alikuwa nayo siku nyingi. Kwenye matanga nilimsikia Mama akiwaambia shangazi zangu kwamba mimi ndiye niliyemwita fundi. Fimbo ililetwa baada ya mazishi, na Mama hakutaka iingie nyumbani kwake. Iko kwangu nyuma ya kabati, haijawahi kupiga mpira hata mmoja.

Tukaishi hivyo hivyo. Mama anakula kwangu, ananiombea, lakini jambo lile hatujawahi kulizungumza. Sasa amevunjika nyonga. Hospitalini Homa Bay walisema apate mkongojo wa kimo chake, upimwe kutoka kifundo cha mkono hadi kisigino. Alimkatalia nesi. Anatumia wa kuazima, ni mrefu, na umeshamwangusha. Juzi nikatoa utepe wa kupimia. Akautazama, akasema polepole, "Ulimpima baba yako. Mimi bado nataka kuishi."

Nilitoka nje nikalia. Mimi ni mtu wa kanisa, nimesoma, najua presha ni nini. Lakini niliukunja ule utepe haraka nikauficha kama mtu mwenye hatia, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Kaka yangu aliniambia kwa simu, "Sister, wacha stori mingi. Akilala mchana mpime haraka, hatajua."

Jana mchana alilala chali, mikono kifuani. Nikafika hadi kando ya kitanda, utepe mkononi. Ndugu zangu, mtu aliyelala hivyo akipimwa hadi kisigino, anapimwa kama nani? Nikarudi jikoni.

Nikimwacha, ataanguka tena. Nikimpima na jambo likatokea, hakuna atakayenitetea, hata mimi mwenyewe sitajitetea. Utepe uko hapa mezani ninapoandika, na namsikia chumbani anaanza kuamka. Nyinyi mngeushika?