Mfuko wa Kushoto

Fundi cherehani wa mlango wa tatu baada ya duka la vioo anajulikana kwa jina la Milimita. Alilipata kwa mwalimu mmoja aliyepeleka suruali ipunguzwe mguu wa kulia, akaambiwa suruali haina kosa, mguu wenyewe ndio mfupi kwa milimita nne. Mwalimu alikasirika, akaenda kupimwa hospitali, akarudi kimya. Tangu siku hiyo hakuna anayebishana na fundi, hali ambayo haijamfaa mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Simu yake huegemea kopo la vifungo, kando ya cherehani, na humo dunia hupita bila adabu ya mpangilio. Mazishi ya mfalme fulani hufuatwa na mbuzi anayekimbia kivuli chake. Vita vikuu hukatizwa na bwana mzima anayekula pilipili arobaini kwa hiari yake. Milimita huvitazama vyote kwa uso uleule, na mteja akimuuliza anatafuta nini humo, hujibu kwamba anapitisha muda tu.

Si kweli. Anamtafuta mama yake.

Mama alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo, akafariki fundi akiwa na miaka minane, dada yake kumi na minne. Maisha yake yote alipigwa picha moja, ya kitambulisho cha kazi. Juma moja baada ya mazishi kiwanda kilituma mtu kuchukua kitambulisho, kwa kuwa kilikuwa mali ya kiwanda. Kuhusu uso uliokuwa juu yake hawakusema ulikuwa mali ya nani.

Dada anaukumbuka uso huo. Fundi haukumbuki. Alikuwa anamfikia mama kiunoni, na anachokumbuka ni kile kilichokuwa mbele ya macho yake: gauni la kazi lenye mfuko mmoja, upande wa kushoto. Wanawake wote kiwandani walishona mfuko kulia. Mama alitumia mkono wa kushoto, akajishonea wa kwake kushoto. Njiani mtoto aliushika mfuko huo kama wengine wanavyoshika mkono.

Basi mtu mmoja mtandaoni, anayejiita Mzee wa Mikanda, akawa anaweka filamu za zamani za mji, zile za kimya, moja leo, nyingine baada ya wiki. Jumamosi moja dada alikuwa amekuja kama kawaida yake, ameketi kwenye kiti cha wateja akifumua pindo la sketi, maana hakuzoea kutembelea mtu bila kazi mkononi. Kasuku alimaliza kumgombeza mbwa, na baada yake ikaja filamu ya wafanyakazi wakitoka zamu. Kamera ilikuwa ndani ya ua, kwa hiyo wote walionekana migongo tu, wakielekea langoni. Hapakuwa na kibao wala maandishi. Mwanamke mmoja akapita, mkono mfukoni, sekunde sita hivi, akapotelea nje.

"Yule ni mama," dada akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja aliyebisha hodi.

Fundi akarudisha nyuma, akatazama mara mbili. "Siye, dada. Mfuko uko kulia."

"Mdogo wangu, ule ni mwendo wake. Hurusha kisigino kama anafukuza kuku."

"Mama hakushona mfuko kulia hata siku moja."

Dada akaiweka sketi mezani. "Wewe umeangalia nguo. Mimi nimemwangalia mama."

Mtu mwenye busara angenyamaza. Milimita alichukua chaki, akamchorea dada gauni lile kwenye kitambaa cha mteja, akamwonyesha mfuko ulipostahili kuwa. Dada aliutazama mchoro mpaka mwisho, akachukua mkoba wake. Jumamosi iliyofuata alituma salamu kwamba goti linamsumbua. Goti hilo, kwa taarifa za watu, lilimpeleka harusini, sokoni na kwa majirani wote; kwa fundi tu ndiko lilikokataa kupanda ngazi mbili. Miezi mitano kiti cha wateja kikakaliwa na wateja.

Jumanne moja asubuhi, fundi akiwa anatia vifungo shati la karani, Mzee wa Mikanda aliweka filamu ya mechi ya mpira na mashabiki wake. Fundi akacheka peke yake. Mwanamume wa mstari wa mbele alikuwa amefunga shati upande wa kulia juu ya kushoto, kama blauzi. Amevaa ya mkewe, akawaza, giza la asubuhi hilo. Kisha akamwona wa pili. Na wa tatu. Na waliokuwa nyuma yao. Akasimamisha kazi. Mji mzima wa wanaume hauwezi kuvaa blauzi za wake zao siku moja, tena zote ziwakae vizuri mabegani.

Chini ya filamu mtu mwingine alikuwa ameuliza mbona wachezaji wote wanapiga kwa mguu wa kushoto. Mzee wa Mikanda alijibu bila haya kwamba filamu zake zote huzigeuza, kulia kuwa kushoto, ili wenye mali wasizitambue wakazifuta.

Fundi aliitafuta ile ya kiwanda hadi adhuhuri, akipita kwenye paka anayenyolewa, madaraja yanayoanguka na wafalme wawili zaidi. Alipoipata alikwenda kusimama mbele ya kioo cha wateja, akaielekeza simu kwenye kioo, akatazama humo.

Mfuko ulikuwa kushoto. Mkono ulikuwa ndani yake. Kisigino kikaruka.

Aliirudia mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa miaka sitini na mmoja. Mwanamke yule alikuwa na kama miaka thelathini. Angeweza kumpimia gauni akamwita binti yangu. Hakugeuka hata mara moja. Nyuma ya simu, kioo kilimwonyesha fundi uso wake mwenyewe, ambao huenda ulifanana na ule au haukufanana. Hakuwa na namna ya kupima.

Akampigia dada.

"Filamu ilikuwa imegeuzwa," akasema. "Mfuko uko kushoto."

"Najua ulipo."

"Dada, mimi uso wake sina. Sijawahi kukuuliza."

"Hujawahi," dada akasema. "Hayo si ya kwenye simu. Nitakuja Jumamosi."

"Na goti?"

"Goti ni langu, niachie mwenyewe."

Fundi akakifuta kiti cha wateja, akakigeuza kielekee kioo. Kisha akairudisha filamu mwanzo, pale ua ukiwa bado mtupu na mama hajatokea.