Rael Okedi na Neno la Kumwaga

Watu wa Malaba wa leo wakisikia kwamba mwaka wa sabini na saba Rael Okedi alilipwa mshahara kwa kuandika neno moja, hucheka. Na wacheke. Rael alitoka Moding na darasa lake la saba kamili, na hakuna binti wa kwao aliyekuwa amepata kazi ya kukaa kwenye kiti.

Kompyuta ililetwa na Kariuki, mwenye ofisi ya kupitisha mizigo forodhani. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo. Caren, karani wa ofisi, ndiye aliyeingiza karatasi za malori; Rael alipangusa vumbi na kuandika lile neno. Maana mashine ile ilikuwa na tabia yake: ukiipa kitu inakishika kwanza kichwani, haikiandiki kwenye diski mpaka ipende. Stima ikipotea kabla ya hapo, kazi yote imekwenda. Rael hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Kila mwanamke aliyepeleka wimbi kusagwa anajua unga wa mwisho hubaki kwenye mfuko wa mashine. Usipoupiga mfuko kwa kiganja, unga wako utakwenda na mwenzako. Lile neno ndilo lilikuwa kiganja: akiliandika, mashine inamwaga yote kwenye diski.

Na aliyeipoteza stima alikuwa jirani yao Ojakol, mwenye mashine ya unga. Akiwasha, taa za mtaa mzima zinafifia, na mara nyingi zinazima kabisa. Basi wakapatana apige kelele kwanza.

"Mama Kompyuta! Nawasha!"

"Ngoja, mzee, bado namwaga!"

"Mwaga haraka! Hawa wanawake wana njaa, watanisaga mimi!"

Wakaishi hivyo mpaka vita vya Uganda vilipoisha, malori yakajaa barabarani hadi karibu na reli, na Kariuki akaleta mashine mpya. Fundi wake, Wekesa, alimwona Rael akiandika neno lake, akatabasamu.

"Dada, hii inamwaga yenyewe. Neno lako italipokea, lakini halifanyi kitu. Wameliacha tu ili waliolizoea wasigombane na mashine."

Kariuki alisikia, akaendelea na hesabu zake. Rael naye akaendelea kuandika, lakini moyo haukutulia. Kama fundi alisema kweli, basi anakula mshahara wa bure, na kile kiti si chake tena.

Siku moja, Caren alipokwenda kula, Rael aliketi mahali pake. Kwa vidole viwili akaingiza jina lake, la mama yake na la Moding. Kutoka upande wa pili wa ukuta Ojakol akaita, "Mama Kompyuta! Nawasha!"

"Washa!"

"Umeshamwaga?"

"Nimesema washa, mzee!"

Rael akakunja mikono mapajani, neno hakuliandika. Taa zikafifia, zikazima. Stima iliporudi akamwomba Caren, aliyekuwa amerudi, amfungulie alichoandika. Majina yalikuwepo yote, hata herufi moja haikupungua. Rael alifurahi, kisha furaha ikamwisha. Akaenda moja kwa moja kwa Kariuki.

"Boss, fundi alisema kweli. Neno langu halina kazi."

Kariuki akamtazama. "Nilijua. Ungenyamaza tu, Rael, ungekula mshahara mpaka Krismasi."

"Mimi si kupe."

"Sasa unataka nini?"

"Malori ni mengi, Caren amelemewa. Nipe nusu ya karatasi zake. Ukiona siwezi, nitarudi Moding bila kuitwa."

"Na vumbi atapangusa nani?"

"Vumbi tutapangusa kwa zamu, hata wewe."

Kariuki alicheka mpaka akakohoa, kisha akamwambia Caren asogeze kiti. Mwanzoni Rael alikuwa mzito, na Caren alimkemea sana, lakini kiti hakukiacha mpaka ofisi ile ilipofungwa.

Ojakol naye hakuacha kuita. Na kila alipoita, vidole vya Rael viliandika lile neno, mashine ikalipokea, naye akaendelea na lori lililofuata.