Mkono Wangu Chini ya Dirisha

Sijamwambia mtu yeyote: namwonea wivu Koku, rafiki yangu mkubwa.

Leo vijana wa kata yetu walichagua mwenyekiti. Ukumbi una ngazi, na kiti changu cha magurudumu hakipandi. Nikabaki nje, chini ya dirisha.

"Tukubebe, mwana wange?" mzee mmoja akauliza.

Mbele ya watu wote, na sketi hii? Nikakataa.

Ndani wakauliza, "Nani mwingine anagombea?"

Nikanyoosha mkono. Dirisha liko juu mno, hawakuuona. Na kupaza sauti? Niliona aibu.

Koku akapita bila kupingwa! Akanikimbilia na kahawa ya kutafuna waliyogawiwa ndani. Nikatafuna nikitabasamu.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Ila msimwambie kwamba nilinyoosha mkono. Ananipenda, ataniachia nafasi. Mimi nataka kumshinda.