Kompyuta ya Katoni

Katika miaka ya tisini mimi nilikuwa mtaalamu wa teknolojia pale Kaloleni, na nasema hivyo bila kujisifu kwa sababu cheo chenyewe nilijipa. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, nina maoni. Mtu wa namna hiyo mtaa humpa benchi. Langu lilikuwa la fundi viatu, kando ya ukuta wa holi ya mikutano, ambapo wanaume wanane walisoma gazeti moja. Kurasa za mbele zilichukuliwa na wazee wa siasa, za nyuma zikaenda kwa watu wa mpira, na zile za katikati, za mashine na uvumbuzi, zikaletwa kwangu kama mgonjwa anavyoletwa kwa daktari.

"Injinia," fundi viatu angeniuliza, misumari ikiwa mdomoni, "hii unaionaje?"

Na mimi, Mungu anisamehe, sikuwahi kukosa ninavyoiona.

Wazungu walipochimba njia ya treni chini ya bahari, niliwaambia wazee wasijisumbue kushangaa, maji yataingia. Nikawachorea kabisa ukutani kwa mkaa: treni hapa, bahari hapa, ufa hapa. Gazeti liliposema kwamba siku moja kila mtu atatembea na simu mkononi, nilicheka mpaka nikakohoa. Kwanza simu yenyewe ilikuwa nzito kama tofali. Pili, ni mwanamume gani wa Eastlands anayetaka mke wake aweze kumpata popote alipo? Benchi zima likasema kweli, kweli kabisa, na simu ya mkononi ikafa palepale kwa kura ya watu wanane. Intaneti nayo niliihukumu kuwa kitu cha nchi za baridi. Huku kwetu, nilisema, jua litazipasha moto nyaya na barua zitafika zimeyeyuka. Ati zimeyeyuka! Na mzee mmoja mwenye akili zake timamu akasema alikuwa ameshuku hivyo tangu mwanzo.

Utauliza elimu hii yote niliitoa wapi. Niliitoa kwenye viatu. Mama yangu aliuza viatu vya mitumba Gikomba, na viatu vya Ulaya huja vimeshindiliwa karatasi ndani ili visibonyee. Wenzake walizitupa karatasi hizo. Yeye aliniletea kwenye mfuko, nami nikazinyoosha kwa pasi ya makaa, polepole nisizichome, nikazipanga chini ya godoro. Hiyo ndiyo ilikuwa maktaba yangu. Kulikuwa na kurasa za Kiingereza, na nyingine za lugha ambazo sikujua hata zinaitwaje, lakini picha ni picha, na maneno niliyajaza kwa akili yangu. Mara nyingine habari ilianzia kwenye kiatu cha kushoto, na nikienda kuutafuta mwisho wake nakuta karatasi ya kiatu cha kulia mama ameshawashia jiko. Hapo nilimalizia mwenyewe.

Kompyuta sikuwa nimeigusa. Niliiona mara moja tu, mjini, kupitia kioo cha ofisi, imefunikwa kitambaa cheupe na watu wakivua viatu kabla ya kuingia chumbani mwake. Heshima ile ilinipendeza sana.

Basi. Baba yangu alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha rangi kule Indasta, eneo la viwanda. Kila kopo, kila pipa, kila brashi ilikuwa na kadi yake, na kila kadi aliijaza kwa penseli iliyokaa nyuma ya sikio lake mpaka Jumapili kanisani. Jioni moja alirudi, akavua koti, akaketi mezani bila kuuliza chai.

"Wanaleta kompyuta stoo," alisema. "Tuko makarani wawili, atabaki mmoja. Wiki tatu kutoka leo tunapewa mtihani wa kuandika orodha ya mali. Atakayeshindwa anapewa barua."

"Barua ya nini?" mama akauliza, mwiko ukiwa hewani.

"Ya kwenda nyumbani."

Ndugu zangu wawili walikuwa bado shuleni, na mimi nilikuwa benchini. Mama akarudi kusonga ugali, lakini aliusonga kwa nguvu kuliko ulivyohitaji.

Karani wa pili alikuwa kijana wa mtaa wa Tena aliyevaa tai hata Jumamosi. Yeye alikuwa ameshajiandikisha katika chuo cha kompyuta mjini. Baba naye alitaka kwenda. Alishafungua sanduku la bati na kutoa hela. Na ni mimi, kwa mdomo wangu huu, niliyemzuia.

"Baba, ulipe watu wa nje na mtaalamu yuko nyumbani?"

Alinitazama. Sitasahau alivyonitazama. Hakuwa na shaka hata chembe, alikuwa anaona fahari. Akazirudisha hela ndani ya sanduku na kulifunga.

Chini ya godoro nilikuwa na karatasi moja safi, iliyotoka ndani ya buti la kike, yenye picha ya kompyuta mpya iliyopigwa kutoka juu, vitufe vyote vya herufi vikionekana. Nikakata katoni ya mafuta ya kupikia, nikanakili herufi moja moja kwa rula na kalamu, kila moja ndani ya kisanduku chake. Ilinichukua siku nzima. Ilikuwa kazi safi, hilo nitalisema hata leo. Nilipomaliza nikaifunika kitambaa, na baba aliporudi nikamwambia avue viatu kwanza.

Akavua. Mtu mzima, karani wa miaka mingi, akavua viatu mlangoni mwa nyumba yake ili akafundishwe kwenye katoni.

Siku hiyo ya kwanza alisita kidogo. "Sekretari wetu," alisema, "taipureta yake huanza na Q hapa pembeni juu. Naiona kila siku nikipeleka kadi. Hii yako inaanza na A."

Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza. Mimi nilitabasamu kwa huruma. "Baba, ile ni taipureta, hii ni kompyuta. Wazungu wahangaike kutengeneza mashine mpya kabisa, halafu waache herufi zikae palepale pa zamani? Si wangebaki tu na ile ile?"

Akafikiri. "Ni kweli," akasema. "Na A ndiyo herufi ya kwanza."

Tukaendelea. Wiki tatu, kila jioni kabla ya chakula, mimi natamka, yeye anagonga. Makopo, rangi nyeupe, lita nne. Brashi, inchi tatu. Kwenye picha ile namba zilikuwa sehemu ya juu ya kitufe na alama nyingine chini yake, kwa hiyo nilimfundisha kwamba kila akitaka namba ashikilie kwanza kitufe cha pembeni. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko nilivyowahi kuwa. Alifanya mazoezi hata akinywa chai, vidole vikitembea juu ya kitambaa cha meza.

"Hiyo mashine yenu haina sauti," mama alisema kutoka jikoni. "Mtajuaje mmekosea?"

"Mimi ndiye sauti," nikamjibu.

Wiki ya tatu baba aligonga orodha nzima akiwa amefumba macho. Nilitaka kukimbia benchini kutangaza, akanikataza. "Ngoja," alisema. "Nikishapita nitawaambia mwenyewe ni nani aliyenifundisha."

Siku ya mtihani aliondoka na shati lililopigwa pasi na penseli nyuma ya sikio. Akanigusa bega mlangoni. Nilishinda nyumbani nikipanga maneno ya kusema watu wakinipongeza. Yaani nilikuwa nimeyapanga mpaka pale nitakapojifanya sitaki sifa.

Alirudi mapema, jua bado kali. Akaiweka penseli mezani.

"Wamemchukua kijana," alisema.

Mama aliketi kwenye kitanda. Mimi ndiye niliyesema, bila shaka, kwani lini nilinyamaza? Nikamwambia huenda kompyuta yao ilikuwa ya kizamani. Nikamweleza kwamba viwanda vingi hununua mashine zilizokwisha kupitwa na wakati.

"Huenda," baba akasema. "Na vidole vyangu vilikuwa vizito." Akaomba chai.

Siku mbili baadaye nilikwenda mjini kwenye kile chuo alichosoma kijana wa Tena. Nilitaka kuona walimfundisha nini ambacho sisi hatukukijua. Nilipanda ngazi, nikasimama mlangoni, na ukutani mbele yangu pakawa na chati kubwa ya vitufe, herufi zake kubwa kama sahani. Q pembeni juu. A chini yake. M mahali ambapo sikuwahi kuiweka. Nikatazama mashine zilizokuwa mezani, moja baada ya nyingine, nikiomba hata moja tu iwe kama yangu. Hakuna. Zote zilikuwa kama taipureta ya sekretari.

Ilinichukua miaka kujua kwamba lile buti lilitoka Ufaransa, na kwamba Wafaransa wana mpangilio wao wenyewe wa herufi, unaoanza na A. Siku ile sikujua hilo. Nilijua tu kwamba baba yangu aliniambia ukweli siku ya kwanza, na mimi nikamcheka. Nilirudi kwa miguu mpaka Kaloleni nikiwa na aibu ambayo sijawahi kuisikia tena, na nilipomkuta baba anakaza bawaba ya mlango sikuweza kumwambia. Nikamshikia misumari.

Jumamosi tulikuwa benchini sote. Baba sasa alikuwa na nafasi ya kukaa, alikuwa mwisho wa benchi na kurasa za mbele. Akaja dereva wa lori la kile kiwanda, jirani yetu, mcheshi, mtu wa kutia chumvi kila kitu isipokuwa chakula chake.

"Nyinyi hamjasikia habari za mzee!" akaanza. "Mimi nilikuwa pale napakia. Kijana wa Tena anagonga kwa kidole kimoja, anatafuta herufi kama kuku anayedonoa. Mzee naye ameketi kama rubani! Hatazami hata vidole. Macho mbele, mikono inaruka. Tukasema leo kijana amekwisha. Kumbe, lo! Kwenye kioo kila penye A pametokea Q. Lita nne zimekuwa alama ya dola. Meneja akauliza kama mzee anauzia Marekani!"

Benchi likacheka vile watu wanavyomcheka mtu wanayempenda. Gazeti la baba halikusogea.

"Meneja akamwambia aanze upya, lakini sasa mzee anaitafuta A pale alipoizoea, haipo, dakika zinaisha. Akaulizwa, mzee, mambo haya ulifundishwa na nani? Akasimama wima, akasema, sikufundishwa na mtu. Nilijifundisha mwenyewe."

Ndipo dereva akanigeukia.

"Na wewe injinia! Kichwa chote hicho, baba yako anahangaika peke yake? Hata siku moja hukumwonyesha A iko wapi?"

Fundi viatu akatoa misumari mdomoni, jambo alilolifanya kwa sababu nzito tu. "Hiyo ni aibu, kijana," akasema.

"Mwacheni," baba akasema nyuma ya gazeti. "Alikuwa na shughuli zake."

Nikasimama. "Nilimfundisha mimi," nikasema. "Wiki tatu. Kwa katoni ya mafuta. Herufi nilizinakili kwenye karatasi iliyotoka ndani ya buti. Hata nilimwambia avue viatu."

Kisha benchi zima likaangua kicheko, na dereva akajipiga mapaja.

"Wacha wewe! Katoni!"

"Haki ya Mungu," nikasema. "Yeye aliniambia Q iko juu, nikamkatalia."

Wakazidi kucheka. Niliwaambia maji yataingia, wakaamini. Niliwaambia barua zitayeyuka, wakaamini. Siku niliyosema kweli hakuna aliyenisadiki. Fundi viatu aliacha kucheka wa kwanza, akanitazama kwa upole mpya kabisa.

"Anamtetea mzee wake," akawaambia wenzake. "Anajitwika kosa. Nilikuwa nimekosea, huyu kijana ana roho nzuri."

"Baba," nikasema, "hebu waambie."

Baba akashusha gazeti. Alinitazama vilevile kama jioni ile ya sanduku la hela, na kwa muda nikadhani atawaambia. Halafu akacheka. Akacheka kwa sauti kubwa kuliko wote, akitikisika, mpaka fundi viatu akamshika bega asianguke.

"Katoni!" akasema. "Huyu mtoto ana maneno!"

Akafuta macho kwa mkono wa shati, akachukua zile kurasa za katikati, akaniletea mwenyewe mpaka mkononi.

"Haya, injinia," akasema. "Tusomee. Hii unaionaje?"

Nikazipokea. Nadhani ilikuwa habari ya kompyuta, maana nakumbuka palikuwa na picha. Maneno sikuyaona hata moja.