Sola ya Mkwe wa Kusukumwa

Siku nilipopeleka mahari Bulumbi, pikapu yangu iligoma kuwaka wakati wa kuondoka, na mashemeji wakaisukuma hadi barabarani. Tangu hapo jina langu ukweni likawa Mkwe wa Kusukumwa. Hata watoto waliozaliwa baadaye walinijua hivyo, na liliniuma.

Mke wangu alisema dawa ni betri mpya. Mimi, fundi wa kila kitu pale kwetu Tororo, nikasema betri haiumwi, ina njaa tu, inahitaji sola ya kuilisha. Nikaenda Busia kuichagua.

Mama muuzaji alinisikiliza, kisha akauliza, "Unataka chaji simu ama gari? Hii dogo haiwezi yote."

Akanionyesha paneli pana ya gari, isiyo na urembo wowote. Macho yangu yalikuwa kwenye ile ndogo, yenye kisanduku chenye taa ya kijani na matundu mengi ya kuchomeka simu. Akanieleza kwamba hiyo ndogo itachunga betri ya gari isiishe tu, na simu nitakazochomeka zitakula kutoka betri hiyo hiyo. Niliitikia kwa kichwa, huku nikihesabu matundu.

Nikainunua ile ndogo, nikaifunga juu ya pikapu. Kila asubuhi gari likawa linawaka mara moja, nikaanza kutamani kwenda ukweni, jambo ambalo halikuwahi kunipata.

Tulifika Bulumbi asubuhi. Kabla sijakalishwa nilikuwa nimeshatangaza kwamba nimekuja na stima yangu. Baba mkwe akaleta simu. Mkwe hanyimi, nikachomeka. Zikaja za mashemeji, za majirani, halafu spika ya kwaya, ambayo iliimba mchana kutwa. Mawingu yakatanda, mvua ikanyesha. Taa ya kijani ilipogeuka nyekundu niliwaeleza watu kwamba hapo ndipo inafanya kazi sana.

Jioni ikafika saa ya kuondoka, maana kwetu mkwe halali ukweni, hata iweje. Nikazungusha ufunguo. Pikapu ilikohoa kidogo ikanyamaza. Mashemeji wakasukuma, mke wangu akasukuma, magurudumu yakateleza kwenye tope.

Ndipo mama mkwe akatoka jikoni. Mimi naye hatushikani mikono wala kutazamana usoni, ndiyo heshima. Akapita nyuma ya gari. Nikakigeuza kioo cha kuonea nyuma kitazame juu, nikajikunyata kwenye usukani kwa aibu. Pikapu ikasogea.

Ilipowaka sikuthubutu kuizima nishuke kushukuru. Nilimsikia akimwambia mke wangu, huku akihema, "Mwambie mkwe, hiyo sola inaweza lala hapa. Yeye hapana."

Wiki iliyofuata niliifungua paneli nikampelekea kwa bodaboda. Sasa iko juu ya paa la jikoni lake. Nami nilinunua betri mpya, ile ile aliyoitaja mke wangu tangu mwanzo, na pikapu haijagoma tena.

Simu ya mama mkwe siku hizi haizimiki. Kila tukitoka kwake, kabla hatujafika Tororo, humpigia binti yake kuuliza leo tumesukumwa na nani.